Siku Nilipoufuta Mtihani wa Mbuzi

Nitasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Siakago, maana wao wakisimulia wanatia chumvi mpaka mimi mwenye hadithi siijui tena. Ni kweli niliufuta mtihani wa akina mama wote wa kikundi chetu, mchana, wenyewe wakiwa wameketi kanisani wakiuandika, na niliufuta kwa kidole hiki kimoja ambacho siku hizi hata sindano hakiishiki vizuri. Sikuwa mgonjwa na sikuwa nimerogwa. Nilikuwa na kiburi cha mama mkwe, basi, na mwenye binti aliyeolewa anakijua.

Mambo yalianza na mbuzi. Shirika fulani lilikubali kukipa kikundi chetu mbuzi wa maziwa, wale wakubwa wa kisasa (si hawa wetu wa kienyeji, unamkamua unapata ya kutia kikombe kimoja cha chai na paka anakuangalia vibaya), lakini wakaweka sharti: kila mama asome kwanza namna ya kuwafuga, afanye mtihani, apite, ndipo apewe mbuzi wake. Na kikundi kisipomaliza mtihani siku iliyowekwa, lori la mbuzi linapitiliza kwa akina mama wengine kule Muthara ambao walikuwa wanangojea tu sisi tuteleze. Masomo yenyewe hayakuwa ya ubao na chaki, yalikuwa ya simu. Unaingia kwa jina lako na neno la siri, unakuta masomo yamepangwa, picha ziko, maswali yako chini. Mimi niliachishwa shule darasa la tatu nikachunge mbuzi wa baba, na sasa mbuzi ndio hao wananirudisha shule, nikasema haya, twende. Nilimtaka huyo mbuzi sana. Nina wajukuu wanaokuja kwangu kila likizo, na nilikuwa nimechoka kuwapa chai ya rangi kama wafungwa.

Shida ilikuwa mwalimu. Mwalimu aliyeletwa kutufundisha ni Njeru, na Njeru ndiye amemwoa binti yangu Wanja.

Sasa, kwa mtu wa mbali nieleze. Kwetu Mbeere mkwe ni muthoni, na wewe na muthoni wako mnaheshimiana mpaka mnaogopana. Njeru akiniona njiani anavua kofia na kusimama pembeni nipite. Hajawahi kuingia jikoni kwangu, hajawahi kuniona nikitafuna, jina langu hawezi kulitaja hata akitishwa na panga, na akiwa na neno la kuniambia analipitisha kwa Wanja, na mimi nikiwa na langu nalipitisha kwa Wanja pia, hata kama tumesimama sote watatu uani na kila mmoja anamsikia mwenzake. Tumeishi hivyo tangu arusi na hatujakosana hata siku moja.

Basi nikafanya zoezi la kwanza, nikalituma, na jibu likarudi. Herufi zilikuwa ndogo, nikampa simu Mama Ndwiga anisomee, huyo ndiye mwenyekiti wetu na tumetaniana tangu tukiwa wasichana wa kuteka maji. Akasoma kwa sauti, katikati ya soko, karibu na wauza ndengu.

"'Jibu si sahihi. Rudia.' Haiya! Mama Wanja! Mkweo amekuambia urudie!"

"Lete simu yangu."

"Na hapa chini ya jina lako wameandika 'Mwanafunzi'. Na yeye ameandikwa 'Mwalimu'. Ngai, nitaishi nione nini tena? Kesho atakuambia upige magoti."

Watu wa ndengu wakacheka mpaka mmoja akamwaga kipimo. Mimi sikucheka. Nilienda moja kwa moja kwa Wanja nikamwambia amwambie bwana yake aniondoe chini yake, kwa sababu mama mkwe hawezi kusahihishwa na mkwe, na kama Mwalimu ni yeye basi na mimi niandikwe Mwalimu, tulingane, heshima irudi mahali pake.

Wanja alijaribu, sitamsingizia. Alinikalisha akanieleza kwamba kule ndani kila mtu ana cheo na kila cheo kina ruhusa zake. Kuna mgeni, huyo anaona tu lakini hagusi, kama mtu uliyemkaribisha sebuleni. Kuna mwanafunzi, anasoma, anatuma kazi yake na anaona alama zake mwenyewe, za jirani hazioni. Kuna mwalimu, anaona kazi za wote, anasahihisha, anatangaza, anabadilisha masomo na kuyafuta. Na juu yao wote kuna msimamizi, anayeshika madarasa yote na kutengeneza wengine walipoharibu.

"Mama, hayo si mambo ya heshima," akaniambia. "Ni mambo ya kazi. Mwanafunzi amenyimwa vitu vingine ili asijiumize na asiumize wenzake."

"Mimi nimezaa watoto na kuwalea wote mpaka wakaoa na kuolewa, nitajiumiza na simu?"

Siku iliyofuata nikaenda kwao. Wanja akaweka chai mezani, nikakataa. Mama mkwe akija kwako akakataa chai, mwenye nyumba halali usingizi, na mimi nililijua hilo nikilifanya. Njeru alikuwa nje ya mlango, kofia mkononi.

"Mwambie mama," akasema kwa Wanja, "kuna cheo cha mwalimu msaidizi. Anaona kazi za watu na kusahihisha, lakini hawezi kufuta wala kutangaza. Nikimpa hicho si itatosha?"

"Mwambie Njeru mimi si msaidizi wa mtu."

"Mwambie mama kwamba ofisini wameniruhusu niandikishe wanafunzi tu. Kupandisha mtu cheo sijaruhusiwa, hata kama kompyuta inakubali."

"Mwambie Njeru chai yake inapoa."

Hapo ndipo nilipokosea, jamani, hapo hapo, kwa chai. Alitazama kofia yake, akaingia kwa chumba cha pili, na alipotoka nilikuwa Mwalimu. Nilikunywa chai mpaka nikaongezewa. Nilipokuwa naondoka Wanja akanisindikiza akisema Njeru ananiomba sana nisibonyeze chochote nisichokijua. Nikamwambia sawa. (Ningebonyezaje nisichokijua, na mimi nilidhani najua kila kitu?)

Uzuri wa ualimu, nitasema ukweli, ni kuona. Nilipofungua simu nilikuta mahali ni palepale lakini milango yote imefunguka. Nilisoma kazi za kila mtu. Nilijua nani hajui tofauti ya kupe na chawa, nani amemwandikia Njeru kwamba mbuzi anafaa kuoshwa kwa sabuni ya unga, nani ameacha ukurasa mtupu. Na kando ya kila somo kulikuwa na kipicha cha kalamu na kipicha cha pipa la takataka. Sikuvigusa. Niliwapita wenzangu kanisani nikiwatazama kama daktari anayejua ugonjwa wako na hajakuambia.

Siku ya mtihani tukakusanyika kwenye ukumbi wa kanisa, maana hapo ndipo mtandao unashika. Njeru alikuwa mbele na kompyuta yake, na projekta inaonyesha ukutani ukurasa wa darasa ili wasioona vizuri wafuate. Akasema tuanze, darasa litafungwa jioni, kila mama abonyeze palipoandikwa "Anza Mtihani". Wakabonyeza. Nikatafuta yangu.

Haikuwako.

Mahali pa "Anza" mimi nilikuwa na "Hariri". Nilishusha ukurasa, nikapandisha, nikazima simu nikawasha, wapi. Baadaye nilielezwa kwamba mwalimu hafanyi mtihani wa darasa lake, kwa hiyo kitufe cha kuanza hakimtokei, na ukifikiria hata akili ya kawaida inakubali. Lakini hapo sikujua. Na nimuulize nani? Wanja alikuwa dukani kwake, na bila Wanja mimi na Njeru hatuna mdomo. Ningemtuma Mama Ndwiga, lakini Mama Ndwiga ndiye nilikuwa nimemtambia njia nzima kwamba mimi siku hizi ni Mwalimu. Basi nikakaa, nikajifanya naandika, na mbuzi wangu nikimwona kwa macho ya moyo akielekea Muthara.

Mtu aliyekaa bure anatafuta kazi. Nikaanza kusoma majibu ya wenzangu yakiingia, na nikafika kwa Mama Ndwiga, swali la usafi wa banda, ameandika: "Mimi nafagia banda langu kila asubuhi na kunyunyiza majivu." Huyo! Banda lake nalijua, liko upande wa upepo wa kwangu. Damu ikapanda. Juu ya ukurasa kulikuwa na kisanduku cheupe cha kuandika, nami nikajua (nikajua!) kwamba ukiandika hapo ukiwa unasoma kazi ya mtu, maneno yanamwendea mtu huyo peke yake. Nikaandika polepole, herufi kwa herufi: "Mama Ndwiga wacha uongo. Banda lako halijafagiliwa tangu mvua ya mwaka jana, mbuzi wako wananuka mpaka kwa chifu."

Nikabonyeza tuma.

Ting. Simu ya Mama Ndwiga. Halafu ting, ting, ting, ukumbi wote ukalia kama kengele za shule, na ukutani, kwa herufi kubwa ambazo hata kipofu angezipapasa, kukatokea: "TANGAZO KUTOKA KWA MWALIMU." Na chini yake maneno yangu, kila moja.

Akina mama wakamgeukia Njeru kwanza, maana mwalimu ni yeye. Kisha Mama Ndwiga akasimama, leso imemwanguka.

"Njeru wa watu hawezi kuandika hivi. Haya ni maneno ya Mama Wanja, nayajua hata yakiwa hayana sauti. Simama! Simama uniambie mbuzi wangu wananuka wapi!"

Wengine walikuwa wanacheka hadi wanashikana. Mimi nikainama kwa simu, nitoe lile tangazo kabla pasta hajaingia. Nikakumbuka pipa. Lakini vile vipipa vimejipanga kila mstari na vyote vinafanana, nikagusa kimoja. Simu ikaniuliza: "Una uhakika?" Kulikuwa na maneno mengine marefu chini yake, sikuyasoma. Mimi mambo yangu yote huwa nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Kicheko kilikatika kwa vipande. Mmoja akasema, "Yangu imetoka." Mwingine, "Hata yangu." Kule nyuma mtu akalia, "Majibu yangu! Nilikuwa nimebakisha moja!" Nikatazama ukutani. Tangazo langu lilikuwa pale pale, limekaa raha. Mtihani ndio haukuwako.

Hakuna aliyeniuliza. Nilisimama mwenyewe nikasema, "Ni mimi. Nilitaka kutoa lile la mbuzi." Hakuna aliyenitukana, wangenitukana ningepumua. Walikuwa wanatazama simu zao tupu, na kila mmoja alikuwa anamwona mbuzi wake akipanda lori la Muthara.

Njeru akapiga simu ofisini kwao huko Meru, akaweka sauti ya wazi ili atushirikishe. Akapokea msichana anaitwa Kinya, ndiye msimamizi, mtu wa Timau, na sauti yake baridi kama asubuhi ya kwao.

"Umefuta mtihani saa hii? Watu wakiwa ndani?"

"Umefutika," Njeru akasema.

"Haufutiki wenyewe. Huku naona kuna walimu wawili kwa darasa lako. Mimi nilikupa wewe peke yako. Huyo wa pili ni nani?"

Njeru akanyamaza. Hakuwa anaficha, mjue. Alishindwa kunitaja jina.

"Njeru, nauliza. Nani huyo, na nani alimpa cheo? Unajua hiyo ni kazi yako inaweza kuisha?"

Nikatoka kwenye kiti changu, nikatembea mbele, nikasimama karibu na mkwe wangu kuliko nilivyowahi kusimama tangu amwoe binti yangu, nikaisemea ile simu mezani. "Ni mimi, mwanangu. Mimi ni mama mkwe wake. Nilimkatalia chai mpaka akanipa."

Nadhani kule upande wa pili alikuwa anachagua kati ya kukasirika na kucheka.

"Mama," akasema mwishowe, "kwetu pia tuko na mama mkwe. Lakini mtandao hauna muthoni. Ukipewa cheo, unapewa na madhara yake. Sasa sikia, kitu kikifutwa hapa kinaenda kwa pipa kwanza, na hilo pipa ni mimi tu naweza kulifungua. Njeru hawezi, wewe huwezi. Nitautafuta. Lakini naanza na wewe, nakurudisha mwanafunzi sasa hivi."

"Nirudishe."

Ilichukua muda wake. Jua likahama dirisha moja hadi jingine, akina mama wana njaa, mbuzi wao wa kienyeji hawajafunguliwa, na kila aliyechoka, uchovu wake aliutolea kwangu. "Mwalimu, tunaomba ruhusa twende choo!" "Mwalimu, tangaza basi chakula cha mchana!" Mama Ndwiga hakunitania, na hilo ndilo liliniuma. Alikaa akitazama mlango.

Jua lilipoanza kulegea simu zikalia tena, na mtihani ukarudi, na majibu yao ndani yake, isipokuwa yale ambayo mtu alikuwa bado anaandika, hayo yakabidi waandike upya. Walishangilia kama watu wa mpira. Mimi nikafungua simu yangu, na pale palipokuwa na "Hariri" nikaona "Anza". Sijawahi kufurahi hivyo kuona neno.

Nikaandika mtihani wangu, mimi wa mwisho kabisa, wote wameshamaliza na hawawezi kuondoka, kwa sababu mpaka mimi nimalize kikundi hakijamaliza. Nikatuma. Njeru akasahihisha pale pale, muda ulikuwa unatuishia. Kisha akainuka na kompyuta yake, akaja mpaka kwenye benchi langu, macho chini, jasho linamtiririka, na Wanja hayuko wa kupitishiwa neno.

"Mama," akasema, "lile la maziwa ya kwanza mbuzi akizaa. Umeandika yamwagwe. Si hivyo. Mtoto anayahitaji, ndiyo yanamkinga."

Maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia ana kwa ana, na yalikuwa ya dang'a.

Maisha yangu yote nimemwaga yale maziwa, mama yangu aliyamwaga, na hapo mkwe ananiambia tulikosea sote. Ukumbi mzima ulikuwa unanitazama midomo.

"Basi nifungulie niandike tena," nikamwambia. Nikaandika. Nikapita, si kwa alama za kujisifia, lakini nikapita, na darasa likafungwa sisi tumeshatoka.

Lori lilikuja kwetu. Kinya alikuja nalo mwenyewe, msichana mfupi mwenye koti zito ambalo huku kwetu kwa joto lilimtesa. Njeru hakufukuzwa, alipewa onyo, na kile kibali cha kuandikisha watu akanyang'anywa. Mbuzi waliposhushwa, Kinya akauliza mbele ya wote kama kikundi kinakubali yule aliyefuta mtihani achukue mbuzi sawa na wengine, kwa sababu mbuzi ni wa kikundi na kikundi ndicho chenye neno. Wakamtazama mwenyekiti. Mama Ndwiga alikuwa ameshachagua wake, amemshika kamba.

"Apewe," akasema. "Lakini wasafi kama yeye lazima tujifunze kwao. Kila Ijumaa kikundi kitaenda kukagua banda lake. Tukikuta hata kinyesi kimoja, mbuzi anahamia kwangu."

Wakapiga makofi. Wote. Hata Kinya.

Mbuzi ninaye, ana mimba, wajukuu wamempa jina ambalo sitaliandika hapa kwa sababu ni la mwalimu wao. Simu bado ninayo, na nimeapa kwamba mtu akija kunipandisha cheo chochote ndani yake, hata cha kuwasha taa, nitamwambia akampe aliyekisomea, niachwe na masomo yangu. Sasa mniwie radhi, kesho ni Ijumaa, na Mama Ndwiga huja mapema makusudi, anainama chini ya mbuzi na tochi mchana kweupe, halafu anainuka ananiambia, "Hapa kwenye kona, Mama Wanja, hapa ulipita haraka." Na mimi nachukua ufagio.